Silaha Katika Mkoba wa Mwanafunzi

KHUTBA YA KWANZA



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeiharamisha dhulma juu ya nafsi yake na akaiharamisha baina ya waja wake. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari ya nafsi zetu na ubaya wa vitendo vyetu. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila yeye, na tunashuhudia ya kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho.

Amma baad. Enyi Waislamu! Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hakuna mkoba uliofungwa wala sanduku lililotiwa kufuli ambalo yeye hajui kilichomo.

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu wanafunzi! Maneno yetu ya leo yanahusu jambo linalodhaniwa kuwa ni la walimu peke yao, nalo kwa hakika ni letu sote. Shule nyingi humpa mzazi karatasi ya kanuni siku anapompeleka mtoto kuandikishwa. Mzazi huisoma upesi upesi, akaangalia rangi ya sare na kiasi cha ada, kisha akatia sahihi. Katika kanuni hizo iko isemayo ya kwamba ni marufuku mwanafunzi kuja shuleni na silaha, na atakayekutwa nayo ataadhibiwa, na pengine atafukuzwa. Watu huipita kanuni hii kwa sababu kila mmoja huamini ya kwamba haimhusu mwanawe. Basi leo tunataka kuitazama kwa jicho la dini yetu: tujue asili yake, tujue wajibu wa kila mmoja wetu ndani yake, na tujue vipi itekelezwe ili iwe ni ulinzi, isije ikageuka dhulma.

Jueni ya kwamba kanuni hii haikuzuliwa na maofisa wa elimu. Mtume wetu (S.A.W.) aliwalea masahaba zake juu yake karne nyingi kabla ya kuwapo shule hizi. Nao walikuwa ni watu wa silaha: walikuwa na panga, mikuki na mishale, na maadui walikuwa wamewazunguka kila upande. Juu ya hayo, Mtume aliwawekea mipaka iliyo wazi.

Kwanza, amepokea Abu Huraira (R.A.), na Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim, ya kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, akaeleza sababu yake: kwamba mtu hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake, naye akatumbukia katika shimo la Moto. Tazameni vizuri sababu hii. Mtume hakusema ya kwamba mwenye silaha ana nia mbaya. Amesema ya kwamba hajui. Kijana anayetoa kisu kuwaonyesha wenzake nyuma ya darasa hajui. Anacheka, na wenzake wanacheka, na mara mmoja anasukumwa na kisu kinaingia. Katika Hadithi nyingine aliyoipokea Muslim, tunafahamishwa ya kwamba Malaika humlaani anayemwelekezea mwenzake chuma mpaka akiache, hata kama huyo mwenzake ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Ndugu wawili hao hawana ugomvi, na hata hivyo laana inamshukia. Basi neno la kusema "nilikuwa nikitania" halina nafasi katika jambo hili.

Pili, Mtume (S.A.W.) alikataza hata kutiana khofu. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, na yule aliyelala akashtuka. Mtume akawafahamisha ya kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Hadithi hii ameipokea Abu Dawud. Ikiwa kamba tu imeleta makatazo haya, itakuwaje kwa wembe anaoonyeshwa mtoto wa darasa la nne ili atoe pesa yake ya chakula?

Tatu, ziko mahali ambapo silaha haziingizwi. Amepokea Bukhari kutoka kwa Said bin Jubair ya kwamba alikuwa pamoja na Abdallah bin Umar (R.A.) huko Mina, wakati wa Hija, na ncha ya mkuki ikamchoma Ibn Umar katika unyayo. Mtawala wa wakati ule, Hajjaj, alipokuja kumtazama, alisema laiti angemjua aliyemdhuru. Ibn Umar akamjibu ya kwamba aliyemdhuru ni yeye Hajjaj mwenyewe. Kwa kuwa ndiye aliyeruhusu silaha zichukuliwe katika siku ambayo hazikuwa zikichukuliwa, na ziingizwe katika eneo takatifu ambalo hazikuwa zikiingizwa.

Enyi Waislamu! Jibu hili ni fundisho kubwa. Mwenye mkuki ule hakutajwa hata jina, na huenda hakukusudia lolote. Ni msongamano wa watu tu. Lakini Ibn Umar aliirudisha lawama kwa yule aliyeacha mlango wazi. Shule si Haram ya Makka, na hatusemi kuwa hukumu zake ni moja. Bali tunasema ya kwamba shule ni mahali pa msongamano wa watoto, wenye damu ya moto na akili isiyopevuka, nao wamewekwa hapo kwa amana. Mahali kama hapo panastahiki kuwa mbali na silaha, na anayeiachia silaha ikaingia, awe mzazi au mwalimu, asijitoe katika lawama kwa kusema ya kwamba si yeye aliyechoma.

Lakini dini yetu ni dini ya akili, wala haichanganyi silaha na chombo cha kazi. Wanafunzi wa nchi zetu huchukua wembe wa kuchongea penseli, huchukua bikari ya hesabu, na siku za kazi za mikono huja na panga, jembe na fyekeo. Je, hivyo navyo ni haramu? Tazameni Mtume (S.A.W.) alivyofanya. Mtu mmoja alipita msikitini akiwa na mishale, na Mtume hakumfukuza wala hakumnyang'anya. Alimwamrisha azishike ncha zake. Na katika mapokezi ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), amri hii inamhusu kila apitaye msikitini au sokoni na mishale, ili asimdhuru Muislamu yeyote. Vilevile alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala yake. Basi chombo cha kazi kina adabu zake: kije siku iliyotajwa, makali yake yafungwe kwa gunia au kitambaa, kikabidhiwe mwalimu asubuhi, kirudishwe jioni. Na shule ambayo ina uwezo wa kuweka kichongeo kimoja darasani, na iwaondolee watoto haja ya wembe. Kitu kikishatolewa katika kazi yake, kikafichwa ndani ya soksi au chini ya godoro la bweni, hapo kimekwisha kuwa silaha, hata kama ni bikari ya hesabu.

Ndugu zangu! Sasa tuulize: silaha hizi hutoka wapi, na kwa nini mtoto huzichukua? Mwaka 2002, huko Marekani, idara ya serikali yenye kazi ya kumlinda Rais, ikishirikiana na Wizara ya Elimu, ilitoa ripoti ya uchunguzi wa mashambulizi 37 yaliyofanywa na wanafunzi katika shule baina ya mwaka 1974 na mwaka 2000. Walitazama kila tukio, wakapata mambo matatu ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua. La kwanza, zaidi ya theluthi mbili ya washambulizi waliipata bunduki nyumbani kwao au nyumbani kwa jamaa yao. La pili, katika asilimia 81 ya matukio hayo, alikuwapo angalau mtu mmoja aliyejua kabla ya hapo ya kwamba kijana yule ana fikra au mpango wa kushambulia, na mara nyingi aliyejua alikuwa ni mwanafunzi mwenziwe au ndugu yake. La tatu, karibu robo tatu ya washambulizi walikuwa wakijiona wameonewa, au wameteswa, au wameumizwa na wengine.

Nyumba, rafiki, na uonevu: hiyo ndiyo milango mitatu. Wala mlango wa shule si mmojawapo. Silaha ikifika kwenye lango la shule, imekwisha kupita milango yote hiyo mitatu bila ya mtu kuizuia.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya Marekani, nchi yenye bunduki nyingi majumbani, sisi yanatuhusu nini? Ndugu yangu, kisu cha jikoni kiko katika kila nyumba yetu, na panga liko nyuma ya mlango. Na silaha si chuma peke yake. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, bweni lilimwagiwa petroli usiku na kutiwa moto wavulana wakiwa wamelala. Walikufa wanafunzi 67. Petroli ile haikuota ndani ya bweni. Ilinunuliwa, ikachukuliwa, ikaingizwa. Kila kitu kinachochukuliwa kwa nia ya kudhuru kinaingia katika hukumu ya silaha.

Basi nianze na nyinyi wazazi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha ya kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na kwamba ataulizwa juu ya wale aliowekewa kuwachunga. Tarehe 30 Novemba 2021, katika mji wa Oxford, jimbo la Michigan, huko huko Marekani, kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake 4 kwa bastola. Bastola ile baba yake alikuwa ameinunua siku 4 tu kabla ya hapo. Asubuhi ya siku ile ile mwalimu aliona katika karatasi yake ya hesabu picha ya bunduki na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa shuleni, wakaja, wakaonyeshwa karatasi, kisha wakaondoka bila ya kumchukua mtoto wao. Kijana akarudi darasani na mkoba wake. Wala wazazi hawakuufungua mkoba ule, wala shule haikuufungua. Mwaka 2024 mahakama ziliwatia hatiani mama na baba, kila mmoja kwa kesi yake, wakahukumiwa kifungo cha kuanzia miaka 10 hadi 15. Hiyo ni hukumu ya dunia. Nani kati yetu anayeweza kuibeba ile ya Akhera?

Ewe mzazi! Ijue hesabu ya visu vya nyumbani kwako kama unavyoijua hesabu ya pesa zako. Mwenye kumiliki bunduki kwa idhini ya serikali na aifungie, na ufunguo akae nao yeye. Utazame mkoba wa mwanao, si kwa kumvizia kama mwizi, bali kwa mazoea, tangu angali mdogo, mnapopanga madaftari pamoja. Samaki mkunje angali mbichi. Na iwapo siku moja utakuta humo kisu, usianze na fimbo, wala usikitupe jalalani ukanyamaza kwa kuogopa aibu. Kaa naye umuulize mambo matatu: umekitoa wapi, unakichukulia nini, na unamwogopa nani? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Kisha nenda naye shuleni kwa miguu yako mwenyewe. Mzazi anayemficha mwanawe leo kwa kumhurumia, huenda akamtembelea kesho gerezani au kaburini.

Sasa nakugeukieni nyinyi wanangu wanafunzi. Najua ya kwamba si kila achukuaye kisu ni mtu wa shari. Wako wanaochukua kwa khofu. Yuko anayengojewa njiani na wakubwa wake, yuko anayenyang'anywa viatu bwenini, yuko anayetukanwa kila siku kwa umasikini wa wazazi wake. Huyo hujiambia: nikiwa na kisu wataniogopa.

Mwanangu, Mwenyezi Mungu hakukutaka uwe mnyonge, na dini imekupa haki ya kujitetea. Lakini haki hiyo ina mpangilio. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza ya kwamba mshambulizi huondoshwa kwa lile lililo jepesi kwanza: likitosha neno, haipigwi ngumi, ukitosha ukelele wa kuita watu, hainyanyuliwi fimbo, na anayeweza kukimbia akasalimika, basi na akimbie. Aliyetoka nyumbani na kisu kiunoni ameruka daraja zote hizo, akaanza na la mwisho. Tena kisu hakikuongezei amani. Kinamfanya adui yako alete panga. Na imethibiti kutoka kwa Abu Bakra (R.A.) ya kwamba Waislamu wawili wakikutana kwa panga zao, muuaji na aliyeuawa wote ni wa Motoni, na Mtume alipoulizwa kosa la aliyeuawa, alieleza ya kwamba naye alikuwa na hamu ya kumwua mwenziwe.

Kumbukeni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Qasas. Alikuwa kijana mwenye nguvu, akaona watu wawili wakipigana, mmoja ni wa kabila lake akamwomba msaada. Musa akampiga yule mwingine ngumi moja, akafa. Hakuwa na upanga wala kisu. Hakukusudia kuua. Mara moja akatambua ya kwamba hiyo ni kazi ya Shetani, akaomba msamaha kwa Mola wake, na akasamehewa. Lakini juu ya hayo ilimbidi aukimbie mji, akaishi ugenini miaka mingi. Ikiwa ngumi tupu, katika mkono wa mtu aliyeandaliwa Utume, imeleta mambo haya, mkono wako wewe wenye chuma utaleta nini? Hasira hasara.

Na katika kisa hicho hicho liko jibu la swali jingine, ambalo huwatatiza wengi wenu. Mwanafunzi amemwona rafiki yake na kisu, au amemsikia akisema ya kwamba Jumatatu atamwonyesha fulani. Afanye nini? Akisema ataitwa mchongezi; akinyamaza moyo unamsuta. Sikilizeni. Wakubwa wa mji walipokaa kushauriana wamuue Musa, mtu mmoja alitoka mwisho wa mji mbio, akaja akampa habari na kumnasihi atoke. Mwenyezi Mungu amemhifadhi mtu huyo katika Kitabu chake mpaka Kiyama, kwa sababu alikimbia na habari ili nafsi isalimike. Huo si uchongezi. Mchongezi hupeleka maneno ili kuharibu baina ya watu. Huyu alipeleka ili kuokoa. Na Imam Nawawi amezitaja hali sita ambazo ndani yake kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa kwa haja ya kisheria, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha watu na shari, na kutaka msaada wa kuondosha munkari.

Na tena, Mtume (S.A.W.) alipoamrisha mtu amsaidie ndugu yake akiwa ni mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, masahaba walishangaa vipi atasaidiwa mwenye kudhulumu, akawaeleza ya kwamba msaada wake ni kumzuia na dhulma yake. Basi unapokwenda kumwambia mwalimu unayemwamini, au mzazi, au imamu wa mtaa wenu, umewasaidia wawili kwa pamoja: yule ambaye angechomwa, na yule rafiki yako ambaye angekuwa muuaji. Usijaribu kumnyang'anya kisu kwa mkono wako. Usitangaze uwanjani. Nenda kimya kimya, na nenda leo, usingoje Jumatatu.

Nasema maneno haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeamrisha uadilifu hata kwa yule tunayemchukia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Enyi Waislamu! Limebaki fungu la walimu na wakuu wa shule, nalo ni fungu la hukumu. Kanuni ikikosa uadilifu, watoto huichukia, na wakiichukia huificha silaha kwa ustadi zaidi.

Mwaka 1994 Marekani ilitunga sheria ya kwamba mwanafunzi atakayeleta bunduki shuleni afukuzwe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ni sheria kali, lakini waliiachia nafasi: mkuu wa elimu wa mahali hapo anaweza kuibadili adhabu kwa kutazama hali ya kila mtoto, na haikuzuiliwa mtoto aliyefukuzwa kupewa masomo mahali pengine. Uingereza nayo, baada ya mwalimu mkuu Philip Lawrence kuchomwa kisu na kuuawa nje ya shule yake mjini London mwezi wa Desemba 1995, alipokwenda kumtetea mwanafunzi wake, ilitunga sheria mwaka 1996 iliyofanya kuwa ni kosa la jinai mtu kuwa na kisu au silaha katika eneo la shule. Na humo pia waliwavua wenye sababu njema, kama vile kazi, masomo, na mambo ya dini.

Lakini mahali pengi kanuni hizi zilikuja kutekelezwa bila ya macho. Mwaka 2009, katika jimbo la Delaware, mtoto wa miaka 6 alikuja shuleni na chombo cha kulia chakula cha safarini, chenye kijiko, uma na kisu kidogo kwa pamoja, kwa furaha ya kutaka kukitumia mezani. Akahukumiwa kupelekwa siku 45 katika shule ya watoto watukutu. Watu wakapiga kelele, na bodi ya shule ikailegeza kanuni kwa watoto wa madarasa ya chini kabisa. Na mwezi wa Septemba 2015, katika mji wa Irving, jimbo la Texas, mtoto wa Kiislamu wa miaka 14 alichukua saa aliyoitengeneza kwa mikono yake ili amwonyeshe mwalimu. Ikadhaniwa kuwa inafanana na bomu. Mtoto akatiwa pingu, akasimamishwa masomo siku 3, na mwisho wake hakushitakiwa kwa lolote. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Hujurat tuzichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, tukaja kujuta. Walimu wetu na waikumbuke amri hii.

Na mfano wa uchunguzi tunao kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Hatib bin Abi Balta'a (R.A.) aliandika barua ya siri kuwapa Makureshi habari za safari ya Mtume kwenda Makka. Mtume akamtuma Ali pamoja na wenzake wakamfuata mwanamke aliyeichukua, wakamlazimisha aitoe, akaitoa katika misuko ya nywele zake. Kumbe upekuzi wenye sababu iliyo wazi si upelelezi uliokatazwa. Kisha Hatib akaletwa. Umar (R.A.) akaomba idhini ya kumkata shingo. Lakini Mtume alimuuliza kwanza Hatib ni jambo gani lililomfanya atende vile, akausikiliza udhuru wake wote, akakumbuka na wema wake wa siku ya Badri, kisha ndipo akahukumu.

Haya ndiyo tunayowaomba walimu. Mpekueni mkoba inapokuwapo sababu, lakini msimpekue mtoto mbele ya mstarini akatahayari kwa wenziwe. Msichana apekuliwe na mwalimu wa kike, faraghani, mbele ya shahidi. Muulizeni kabla ya kuandika hukumu, na mzazi wake awepo. Msimfichue aliyekuleteeni habari, kwani mkimfichua mara moja, hatakuja tena mwingine. Mpambanueni aliyekusudia kuua na aliyeogopa, na mpambanueni aliyekamatwa na aliyekuja mwenyewe. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Maida, alipotaja adhabu nzito za wanaowashambulia watu njiani, aliwavua waliotubu kabla ya kutiwa mkononi. Basi mtoto anayekuja asubuhi akasema, "Mwalimu, nimekuja na hiki, kichukue," huyo afunguliwe mlango. Shule inayomfukuza mtoto huyo sawasawa na yule aliyekamatwa, imewafundisha watoto wote wasitubu.

Na juu ya yote, walimu, uondosheni uonevu. Kanuni inayokataza kisu na ikauacha uonevu imekata tawi ikaliacha shina. Mtoto akilalamika mara ya kwanza akaambiwa asiwe mtoto mdogo, mara ya pili hatalalamika.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mtakaporudi majumbani leo, itafuteni karatasi ile ya kanuni mliyoitia sahihi. Isomeni pamoja na watoto wenu. Kisha mwambieni kila mmoja wao: ukiogopa, nijie mimi kwanza.

Ewe Mola wetu! Walinde watoto wetu waendapo shuleni na warudipo. Wape walimu wetu hekima na subira, na utupe sisi wazazi macho ya kuona na moyo wa kusikiliza. Warehemu vijana waliopotea kwa moto na kwa chuma, na uwape subira wazazi wao. Utoe katika nyoyo za wanetu khofu ya wanadamu, na utie ndani yake khofu yako. Utusamehe sisi na wazazi wetu, na Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.